Jina la Ugonjwa Si Dawa Yake

Msimamizi wa mtihani huyaona mengi ambayo msahihishaji hatayaona kamwe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisimamia mtihani wa fonolojia. Saa ya kwanza ilipotimia, niligundua kwamba kijana mmoja aliyeketi kando ya dirisha, naye ni mmoja wa wanafunzi hodari wa darasa lile, hakuwa ameuvuka ukurasa wa kwanza. Alikuwa ameandika sentensi moja, akaikata, akaiandika tena, akaikata tena, hata karatasi ikatoboka. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na kupauka mithili ya mtu afuaye nguo kutwa kucha kwa sabuni kali.

Siku mbili baadaye alibisha mlangoni mwa ofisi yangu. Nilidhani amekuja kuniomba nafasi ya kuurudia mtihani. La hasha! Aliweka juu ya meza yangu kopo la unga wa mitishamba kutoka India, akakunjua karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani yake, kisha akaweka kidole juu ya neno moja.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha," aliniambia. "Nieleze neno hili. Wanasema ndilo jina la ugonjwa wangu, na kwamba dawa yake imo humu koponi."

Neno lenyewe lilikuwa atattvabhinivesha.

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba kwanza anieleze ugonjwa wenyewe. Akasema kwamba tangu alipokuwa kidato cha tatu, hawezi kufunga bomba la maji akaondoka. Anajua kuwa mikono yake ni safi, lakini punde anapoikausha humjia wazo kwamba ina uchafu utakaomwua mama yake, naye hurudi kunawa mara kumi, mara ishirini. Na sasa wazo hilo lilikuwa limehamia katika maandishi: kila sentensi humwambia kuwa ameikosea, na kwamba asipoirudia balaa litawafika watu wa kwao. Wazazi, walimu na marafiki walimpa jibu moja tu: "Wacha wasiwasi." Hatimaye daktari mmoja alimwandikia vidonge. Alivimeza kwa majuma matatu asione nafuu. Mjomba wake, kwa nia njema kabisa, akamnunulia kopo lile. Kijana akaviacha vidonge.

Yafuatayo ni yale niliyomwambia siku ile, pamoja na mengine ambayo ilinibidi niyasome baadaye ili nistahili kuitwa mtu wa lugha.

Ugonjwa huu madaktari huuita kwa herufi tatu za Kiingereza, OCD. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo linalomvamia mtu bila hiari yake na kumtia hofu au kinyaa. Ya pili ni tendo analolazimika kulirudia ili hofu hiyo itulie. Utulivu huo haudumu. Tena, kila tendo linaporudiwa, akili hujifunza kwamba kweli palikuwa na hatari, na kwamba ni kunawa kulikoiepusha. Tafiti za Marekani zimekadiria kuwa watu wapatao 2 kwa kila 100 huupata wakati fulani maishani mwao. Aghalabu huanza utotoni, katika ujana au mwanzoni mwa utu uzima, yaani katika miaka ile ambayo mtu yumo mikononi mwetu sisi walimu. Si uzembe, si ukosefu wa imani, wala si kurogwa.

Kiswahili kina neno lililo karibu sana na ugonjwa huu, nalo ni hilo hilo tulilolitumia kumpuuza kijana yule. Wasiwasi limetokana na neno la Kiarabu waswas, ambalo mwigo wake wa sauti ni bayana: ni mnong'ono, sauti ndogo inayojirudia sikioni. Katika maandishi ya Kiislamu neno hilo hutumiwa, pamoja na maana nyingine, kumweleza mtu asiyemaliza kutawadha kwa sababu kila mara hushuku kwamba kuna kiungo hakikupata maji. Tabibu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na ndani yake akauweka wasiwasi miongoni mwa maradhi ya nafsi yanayohitaji tiba. Kwetu sisi neno limepanuka hata likaenea kila mahali. Mwenye mtihani kesho ana wasiwasi, aliyechelewa basi ana wasiwasi, na mgonjwa anayechubuka mikono naye ana wasiwasi. Neno likiwafunika wote, mgonjwa hupotea katika umati. Ndiposa kijana wangu alifurahi kupata jina geni na refu; angalau lilikuwa lake peke yake.

Hebu sasa tulifungue kopo.

Ayurveda ni neno la Kisanskriti lenye maana ya elimu ya uhai. Ni mfumo mkongwe wa tiba wa Bara Hindi, na mojawapo ya vitabu vyake vikuu, Charaka Samhita, kina umri wa zaidi ya miaka 1,500. Mfumo huu hauko makumbushoni. Una vyuo, hospitali na viwanda vya dawa. Huko Kottakkal katika jimbo la Kerala, Arya Vaidya Sala, iliyoasisiwa na P. S. Varier mwaka wa 1902, ingali inatibu wagonjwa. Mwaka wa 2014 serikali ya India iliunda wizara kamili ya kushughulikia Ayurveda na tiba nyingine za jadi. Kwa hivyo anayeidharau Ayurveda kwa kuiita uganga wa vichochoroni hajui anenalo.

Charaka hakuyasahau maradhi ya akili. Mna sura ya unmada, yaani wazimu, na sura ya apasmara, yaani kifafa. Mwishoni mwa sura hii ya pili ndipo linapopatikana neno la kijana wangu. Kisanskriti changu ni cha mwanaisimu: natambua mizizi na viambishi, basi. Lakini neno hili linafunguka vizuri. Kiambishi a- ni cha kukanusha. Tattva ni uhalisi au ukweli wa jambo. Abhinivesha ni kushikilia pasipo kuachia. Kwa jumla, basi, ni kung'ang'ania lisilo kweli. Kitabu kinalieleza kuwa ni maradhi makuu, yanayotokea pale akili inapofunikwa na rajas na tamas, yaani msukosuko na kiza, hata hukumu ya mtu ikapinduka: lenye manufaa akaliona lina madhara, na la kudumu akaliona la kupita.

Wapo wanazuoni wa Ayurveda wa siku hizi wanaosema kuwa hii ndiyo OCD yenyewe. Wengine huiweka OCD chini ya unmada. Mimi si tabibu, lakini kazi ya kulinganisha maana ni kazi yangu, na hapa naona mizani haikai sawa. Mtu aliyepindukiwa na hukumu huamini lisilo kweli. Kijana wangu hakuliamini. Alijua fika kwamba mikono yake ni safi, na kujua huko ndiko kulikomtesa. Ni kweli wapo wagonjwa wachache wa OCD ambao utambuzi huo huwapotea. Lakini walio wengi huwa nao. Kwa hiyo maneno haya mawili yanakaribiana kama vijiji viwili vilivyo kando ya mto mmoja. Hayawi kijiji kimoja kwa sababu mfanyabiashara ameamua kuyaandika pamoja kwenye karatasi.

Hata kama yangekuwa sawa kabisa, bado lingebaki swali kubwa zaidi: je, dawa inaponya? Mnamo Januari 2024, mjini New Delhi, Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya istilahi za magonjwa za Ayurveda, Siddha na Unani ndani ya mfumo wake wa kimataifa wa kuainisha magonjwa. Hiyo ni kazi nzuri ya kuwawezesha matabibu kuandika na kuhesabu mambo kwa namna moja. Lakini kuliingiza jina katika orodha si kuithibitisha tiba. Kamusi huorodhesha neno nunda; hailithibitishii mnyama huyo kuwako mwituni.

Isitoshe, majina ya mimea yenyewe yana utata. Katika tiba za akili za Ayurveda, brahmi na shankhapushpi ni miongoni mwa mimea mashuhuri kabisa, inayosifiwa kwa kuongeza kumbukumbu na kutuliza moyo. Brahmi ni mmea gani? Huko Kerala utapewa Bacopa monnieri. Katika sehemu za kaskazini mwa India unaweza kupewa Centella asiatica, mmea wa jamii nyingine kabisa. Shankhapushpi nayo, ambayo maana yake ni ua la umbo la kombe, imetajwa kuwa Convolvulus prostratus, na pia Evolvulus alsinoides, na pia Clitoria ternatea, na pia Canscora decussata. Hiyo ni mimea minne chini ya jina moja! Mwanafunzi wa semantiki atatabasamu. Mgonjwa hana sababu ya kutabasamu, maana tumbo halimezi jina, humeza mmea.

Nisieleweke kuwa nasema mimea hiyo haina nguvu. Historia ingenisuta. Kuna mmea uitwao sarpagandha, ambao kwa Kilatini ni Rauvolfia serpentina, uliotumiwa India tangu zamani kuwatuliza wagonjwa wa akili. Mwaka wa 1931 Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, mjini Calcutta, walichapisha makala kuhusu matumizi yake katika wazimu na shinikizo la damu. Mwaka wa 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay aliandika katika jarida la madaktari wa moyo la Uingereza jinsi mmea huo ulivyoteremsha shinikizo la damu. Mwaka wa 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba huko Uswisi walitenga kiini chake, reserpini, na mwaka wa 1954 Nathan Kline akaeleza alivyowatibu nacho wagonjwa wa akili katika jimbo la New York. Dawa hiyo ikaenea ulimwenguni. Kisha madaktari wakaripoti kuwa baadhi ya walioimeza waliingiwa na huzuni nzito, na baadaye dawa nyingine zikachukua nafasi yake katika hospitali za akili. Sarpagandha haikuwa dawa ya OCD. Naitaja kwa sababu inaonyesha njia. Mmea wa jadi ulipimwa, ukakutwa na nguvu, na nguvu ile ikakutwa na gharama yake.

Je, kwa OCD kuna mmea uliopita njia hiyo? Uliosogea ni ashwagandha, ambao jina lake lina maana ya harufu ya farasi. Ni Withania somnifera, mmea ambao huota wenyewe hata katika sehemu kavu za Afrika Mashariki. Mwaka wa 2016 watafiti wa Iran walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 30 wa OCD kwa majuma sita. Wote waliendelea kumeza dawa zao za hospitali. Baadhi wakaongezewa miligramu 120 za mzizi huo kila siku, na wengine wakapewa kitu kisicho na dawa. Waliopewa ashwagandha walipata nafuu zaidi. Ni habari ya kutia moyo. Lakini hebu msomaji ahesabu: wagonjwa 30, majuma sita, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa aache vidonge vyake. Jaribio hilo haliwezi kuwa hoja ya kumfanya mgonjwa ayatupe matibabu ya hospitali. Fauka ya hayo, madaktari wa nchi kadhaa wameripoti watu walioumia ini baada ya kutumia ashwagandha. Kitu chenye nguvu ya kutibu huwa na nguvu ya kudhuru. Neno "asilia" kwenye kibandiko halibadilishi kanuni hiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo kibandiko hakiitaji. Mwaka wa 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizotengenezwa Asia Kusini na kuuzwa madukani katika eneo la Boston, Marekani. Dawa 14, yaani moja kwa kila tano, zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka wa 2008 walichapisha uchunguzi mwingine wa dawa 193 zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti, na tena takriban moja ya tano zikakutwa na madini hayo. Risasi huharibu ubongo. Ni msiba ulioje mtu kutafuta tiba ya akili akanunua sumu ya akili!

Mfa maji haachi kutapatapa, na simlaumu kijana wala mjomba wake. Vidonge vya hospitali vya ugonjwa huu, kama vile fluoksetini na klomipramini, havifanyi kazi kwa siku tatu. Mara nyingi huhitaji majuma manane hadi kumi na mawili, na kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha mgonjwa wa huzuni. Kijana aliacha katika juma la tatu kwa sababu hakuna aliyemwambia asubiri. Daktari aliandika dawa, hakuandika maelezo. Kopo nalo lilikuwa na maelezo tele. Ushindani wa namna hiyo mwenye maneno mengi hushinda, hata kama hana dawa.

Jambo lililonishangaza zaidi niliposoma habari za Ayurveda ni kwamba lile lililokaribia zaidi matibabu ya leo ndilo lisilouzwa koponi. Charaka anataja njia tatu za kutibu: ya ibada, ya dawa na chakula, na ya tatu iitwayo sattvavajaya, yaani kuishinda akili, kwa kuizuia isiyaendee yenye madhara. Na katika tiba ya atattvabhinivesha, baada ya kusafishwa mwili na kupewa brahmi na samli iliyotiwa dawa, mgonjwa huzungukwa na marafiki wanaompenda, wanaozungumza naye kuhusu wema na maana, ili wamrudishie maarifa, ujasiri na utulivu. Karatasi ya koponi iliyataja majani yote, marafiki haikuwataja.

Hata hapa sharti nitahadhari nisifanye kosa lile lile la mfanyabiashara. Tiba ya mazungumzo na vitendo inayoaminiwa leo kwa OCD haimwambii mgonjwa alizuie wazo. Mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alieleza mwaka wa 1966 jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili kwa kuwakutanisha na kile wanachokiogopa, huku wakisaidiwa wasilifanye lile tendo la kujituliza. Mgonjwa hugusa kitasa, asinawe, akakaa na hofu yake mpaka hofu ichoke yenyewe. Wazo huachwa lipige kelele. Ni tendo linalozuiwa. Hiyo si sattvavajaya kwa jina jipya. Lakini zote mbili zinakubaliana kwamba kuna kazi ambayo mgonjwa hufanya kwa akili yake, na kwamba haifanyi akiwa peke yake.

Hayo ndiyo niliyomweleza kijana, kwa maneno machache na machozi kidogo, yake na yangu. Nilimwambia kwamba neno lile halikuwa jina lake, na kwamba hata lingekuwa, jina si dawa. Nilimsihi amrudie daktari akiwa na kopo mkononi, aseme wazi alichokinywa, maana mficha maradhi kilio humfichua, na mficha dawa vivyo hivyo. Alikwenda. Safari hii alipata mtu aliyemweleza kwamba vidonge vinahitaji subira, na mwingine aliyemfundisha kukaa na hofu yake. Haikuwa safari ya juma moja. Lakini mwaka uliofuata alifanya mtihani ule wa fonolojia. Katika ukurasa wa tatu alikuwa ameandika neno "kikwamizo" kwa herufi moja zaidi, akaliacha hivyo hivyo, akaendelea hadi swali la mwisho. Nimesahihisha mitihani mingi maishani; hilo ndilo kosa pekee lililowahi kunifurahisha.

Walimu wenzangu, mwanafunzi anayefuta daftari mpaka likatoboka, anayechelewa kila siku kwa kurudi kukagua kufuli, au anayenawa mpaka akavuja damu, tusimwambie aache wasiwasi. Angeuacha zamani kama ungekuwa wa kuachwa. Tumuulize wazo gani linamjia, kisha tumsindikize kwa daktari wa magonjwa ya akili. Nanyi wanafunzi, ikiwa mitishamba mnaitumia, mwambieni daktari, wala msiache vidonge pasipo shauri lake. Elimu ya uhai ni pana, na India ina mengi ya kuufundisha ulimwengu. Lakini kila kopo, liwe la India, la Uswisi au la mganga wa kwetu, na lijibu swali moja kabla halijafunguliwa: nani amelipima, na amekuta nini?